Cheti cha Kifo cha Gari la Mkunga

Kama wewe ni mtu wa nchi hii ninayoisimulia, geuza ukurasa, maana utadhani nakusema wewe. Kama si mtu wa huku, vuta kiti. Jina la nchi sitalitaja, wala si kwa woga. Jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati miaka tisa iliyopita ili liboreshwe, na bado halijarudi. Kwa sasa tunaandika "Jamhuri ya" halafu tunaacha nafasi. Ni nchi ya amani, yenye utaratibu mwingi kuliko watu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa Shirika la Bima la Taifa, tawi la Tambarare, mji uliojengwa kwenye mteremko mkali, na karibu yote nitakayosema yalipita chini ya vidole vyangu.

Mjini kwetu aliishi mkunga, Bi Sikujua Mtengeti, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kutulia. Hata msibani alikaa ukingoni mwa mkeka, karibu na viatu, funguo za gari mkononi. Serikali ilikuwa imemstaafisha kwa heshima zote, lakini wanawake wa milimani hawakupelekewa nakala ya barua, kwa hiyo waliendelea kuzaa. Naye akaendelea kuwafuata huko huko juu.

Alikuwa na gari dogo la kijani la miaka thelathini na moja. Kiti cha nyuma alikuwa amekitoa akaweka godoro. Usidhani wilaya haikuwa na gari la wagonjwa. Lilikuwepo, jipya kabisa, limefunikwa turubai lisipate vumbi, na kila Jumatatu mtumishi alilifuta turubai. Mwaka wa mvua kubwa, gari la Bi Sikujua lilipokuwa kwa fundi siku mbili, wanaume wanne walimteremsha mama mmoja kwa machela kutoka kijiji cha Mlalawima. Walifika kituo cha afya na maiti mbili. Tangu siku hiyo Bi Sikujua hakuweza kula akashiba bila kwanza kuchungulia nje kuona kama gari lipo.

Basi siku ya uzinduzi wa Wiki ya Usalama Barabarani, gari la Shirika letu, lenye bendera na kipaza sauti, lilikuwa likirudi nyuma huku likitangaza, "Dereva, tazama nyuma yako!" Likaligonga gari la Bi Sikujua lililokuwa limeegeshwa mbele ya posta. Taa ya kushoto ilivunjika, bampa likapinda, boneti likakataa kufungika.

Fundi Chande, mwenye gereji nyuma ya kiwanda cha mkate, alilizunguka mara moja tu. "Kazi ya nusu siku, Bi Mkubwa. Mchana njoo ulichukue."

Lakini Bi Sikujua alikuwa na bima, aliyoilipia kila mwaka bila kukosa. Na mwenye bima hatengenezewi na fundi. Anatengenezewa na utaratibu.

*

Dirisha la kwanza, karani alimwuliza jina.

"Sikujua."

"Sasa umeshajua. Jina?"

"Ndilo jina langu, mwanangu. Sikujua."

Karani akaandika: *Mlalamikaji hana hakika na jina lake.* Mstari huo ulichelewesha jalada siku nne, kwa kuwa ulihitaji mashahidi wawili wanaomfahamu. Nusu ya ofisi yetu ilizaliwa mikononi mwake, lakini kanuni inakataza watumishi kumfahamu mteja.

Siku nne hizo alizunguka chumba cha kusubiri hadi sakafu ikaanza kung'aa kwenye njia yake. Simu yake ikilia, aliruka. Huko Mlalawima kulikuwa na mwanamke aitwaye Asumpta, mwenye mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefia tumboni. Bi Sikujua alimwambia asiwaze, safari hii akisikia maumivu, hata kama ni ya tumbo la maharage, apige simu.

Siku ya tano aliitwa na mkadiriaji wetu wa hasara, Bwana Ndimbo. Huyu alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mpole, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka lilionekana kuogopa.

"Mama, nina habari nzito. Kaa kwanza."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Gari lako limefariki."

Bi Sikujua akachungulia dirishani. Gari lilikuwa uani, boneti limefungwa kwa kamba ya katani. "Limefariki saa ngapi? Limenileta sasa hivi."

"Kisheria, mama. Kimwili linaweza kuendelea kujongea kwa muda, kama kuku aliyechinjwa. Kitaalamu tunaita hasara kamili."

Akamweleza kwa upole. Jedwali la thamani ya magari linaishia mwaka wa ishirini. Gari likipita hapo, huhamishiwa jedwali la ukurasa unaofuata, nalo ni la vyombo vya jikoni. Huko gari lake lilikuwa limelingana na sufuria mbili na mfuniko mmoja.

"Sufuria mbili, mfuniko mmoja?"

"Ni uchakavu, mama. Sasa gereji yetu iliyoidhinishwa imesema ukibadilisha taa moja, lazima upake rangi gari zima, ili taa isijione mgeni. Gharama hiyo inazidi sufuria mbili. Hatuwezi kutengeneza kitu kwa gharama inayozidi kitu chenyewe. Utalipwa sufuria zako, na gari tutalichukua."

"Kwani nani aliligonga?"

"Sisi, mama. Ndiyo maana tunaharakisha."

"Na nikitaka kubaki nalo?"

"Inaruhusiwa! Unayanunua mabaki." Akafunua karatasi, sauti ikashuka. "Mabaki yamekadiriwa kuwa sufuria tano."

"Likiwa zima sufuria mbili, likiwa maiti sufuria tano?"

Ndimbo akatazama vidole vyake. "Maiti haili mafuta, mama."

*

Mwingine angekwenda nyumbani akalie. Bi Sikujua alipanda gari lake marehemu akazunguka wilaya nzima siku mbili, akiuliza nani anauza gari la umri huo. Akapata watatu. Kila mmoja alimwandikia karatasi, akaweka saini na bei anayotaka, na hakuna hata mmoja aliyetaja sufuria. Akazipeleka kwa mkurugenzi wa tawi, Mheshimiwa Mauridi Kisogo.

Mheshimiwa Kisogo alikuwa na desturi ya kuzungumza na watu akiwa amewapa mgongo, uso ameuelekeza kwenye picha yake mwenyewe iliyotundikwa ukutani. Alisema hiyo humsaidia kutokuwa na upendeleo.

"Mama," aliiambia picha, "bei ya sokoni ni uvumi. Watu wawili wanasimama juani, mmoja ana shida, mwenzake ana tamaa, wanakubaliana. Je, hiyo ni bei? Hapana! Hayo ni maongezi. Bei ni ile iliyokaa kivulini, ikafikiriwa na wataalamu, ikapigwa mhuri, ikazeeka kwa heshima. Jedwali letu lina miaka arobaini. Limelizidi hata gari lako."

"Mheshimiwa, kuna mwanamke huko juu. Zimebaki wiki mbili tatu tu."

"Tunamtambua. Nchi hii inawapenda sana wanawake wa juu. Tumewawekea gari la wagonjwa."

"Lile la kwenye turubai?"

"Turubai, mama, ni la kisasa."

Ijumaa hiyo niliitwa kupiga chapa cheti cha kifo. Umri: miaka thelathini na moja. Sababu ya kifo: Jedwali. Namba ya usajili ikafutwa kwenye daftari kuu. Kreni ya kuja kuchukua mabaki ikapangiwa Jumatano mchana, na siku hiyo hiyo asubuhi Bwana Ndimbo alitakiwa afike nyumbani kwa mkunga athibitishe kwa macho yake kwamba gari haliwezi kujongea.

Bi Sikujua alikuja mezani kwangu kuchukua nakala. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona amesimama bila kutikisika. Alisoma mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Herufi zimenyooka."

Nilifurahi sana kusifiwa. Nilipofika nyumbani, chakula kilinishinda, na sikuelewa kwa nini.

*

Yaliyotokea Jumatano nilisimuliwa na Ndimbo mwenyewe, naye tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuongeza chumvi.

Alifika saa mbili asubuhi na jalada kwapani. Akamkuta Bi Sikujua anakaza kamba ya boneti kwa meno na mikono. Simu ilikuwa imepigwa muda huo huo kutoka Mlalawima. Chupa ya uzazi ya Asumpta ilikuwa imepasuka, wiki mbili kabla ya siku zake.

"Panda," Bi Sikujua alimwambia.

"Mama, mimi nimekuja kuthibitisha kwamba halijongei."

"Thibitisha ukiwa ndani. Nahitaji mtu wa kumshika."

"Siwezi kupanda chombo kisichokuwepo. Kanuni ya kumi na nne…"

"Basi kaa juu ya mabaki, mwanangu. Mimi nitayaendesha."

Ndimbo anasema hakumbuki kama alipanda au alivutwa. Gari liliupanda mlima likikohoa, boneti likipigapiga kama mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kila kona alifumba macho na kunuia kumwandikia mkewe barua. Mguu wa kushoto wa Bi Sikujua, kila ulipoachia klachi, uligonga sakafu bila kupumzika.

Walimkuta Asumpta kando ya barabara, amekaa juu ya gogo, amefunga kanga kiunoni. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Walimlaza kwenye godoro, Ndimbo akakaa naye nyuma, wakaanza kuteremka. Walipofika mahali panapoitwa Kona ya Mawe, Asumpta akapiga kelele moja ndefu, na Bi Sikujua akakanyaga breki.

"Hapa hapa," alisema. "Hatufiki. Ndimbo, weka jalada chini. Shika goti hili. Usitazame pembeni, mtazame yeye usoni, umwambie anaweza."

"Unaweza," Ndimbo alisema, jasho linamtiririka. "Dada, unaweza."

"Wewe unajuaje?" Asumpta alimfokea.

"Sijui! Lakini unaweza!"

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili, rangi yake kama ya zambarau, kimya. Bi Sikujua alikilegeza kitovu kwa vidole viwili, akamgeuza, akamsugua mgongo, akamnyonya pua kwa mdomo wake akatema nje ya dirisha. Kimya. Asumpta aliuliza, "Mbona halii?" Akauliza tena. Ndimbo anasema hapo aliahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine ya kiofisi.

Kisha kikatoka kitu kama chafya ya paka, na baada yake kilio. Mtoto wa kike. Bi Sikujua alimkabidhi Ndimbo amshike, akatoka nje, akazunguka gari lake mara tatu, akashika paa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Halafu akarudi ndani, akawasha gari.

Kreni ilikuja mchana ikakuta mlango umefungwa. Wafanyakazi wakasubiri mpaka saa kumi, muda wa kazi ukaisha, wakaondoka na kreni yao.

*

Kesho yake kukazuka tatizo la kitaifa.

Kwenye kituo cha afya, fomu ya uzazi inauliza mahali pa kuzaliwa. Asumpta akasema, ndani ya gari la Bi Sikujua. Mwandikishaji akatafuta namba ya gari kwenye daftari kuu: limefariki Ijumaa, halipo. Mtoto hawezi kuzaliwa ndani ya kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo hakuzaliwa. Kwa hiyo hana kadi ya kliniki, na asiye na kadi hachanjwi.

"Andika amezaliwa barabarani," Asumpta aliomba.

"Barabara hiyo bado haijazinduliwa, dada."

Aliambiwa arudi nyumbani na mimba yake, asubiri maelekezo. Akafungasha mtoto, akaja moja kwa moja ofisini kwetu, Bi Sikujua mbele yake.

Mheshimiwa Kisogo aliitisha kikao kilichochukua siku tatu na mbuzi wawili. Hakutaka kukiri kwamba cheti cha kifo kilikosewa, maana nchini kwetu cheti hakikosei. Wala hakutaka habari zifike makao makuu kwamba wilayani kwake kuna mwananchi analia na bado hajazaliwa. Siku ya tatu alitoka na uso unaong'aa, akanipigisha chapa huku akitembea na mikono nyuma:

"Kwa huruma ya dola, gari lililotajwa linarudishiwa uhai wa muda, kuanzia saa nne na dakika ishirini asubuhi ya Jumatano, mpaka hapo mtoto atakapotoka ndani ya gari hilo. Muda wa kutoka utathibitishwa na mama mzazi pamoja na ofisa mmoja shahidi. Baada ya hapo gari litahesabiwa limekufa tena bila taarifa nyingine." Akanigeukia, jambo alilolifanya mara chache sana. "Umeona? Dakika chache tu. Mtoto anazaliwa, gari linakufa, kila mtu anabaki na haki yake."

Nikamwambia ni ajabu. Nilimaanisha hivyo.

Tukaitwa wote. Mheshimiwa akaikabili picha yake. Ndimbo akasimama mlangoni. Asumpta akasimama mbele ya meza, mtoto mgongoni. Bi Sikujua hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Mama mzazi," alisema Mheshimiwa. "Kwa ajili ya kumbukumbu za taifa. Mtoto alitoka ndani ya gari saa ngapi?"

Asumpta alikuwa mwanamke wa darasa la nne, asiyependa maneno mengi. Alimtazama Bi Sikujua, akautazama mgongo wa Mheshimiwa.

"Hajatoka," alisema.

Mheshimiwa aligeuka mzima mzima. Ndipo nilipoona kwamba hakufanana sana na picha.

"Hajatoka? Na huyo mgongoni ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko garini, mheshimiwa. Hapa nimemchukua tu nimnyonyeshe."

Mtoto akapiga chafya. Mheshimiwa alisoma waraka wake juu hadi chini, chini hadi juu. Ulikuwa na saini yake na mihuri mitatu. "Ndimbo!" alisema. "Wewe ndiye shahidi. Ulikuwepo. Eleza."

Ndimbo alikuwa na mke, watoto wawili, na miaka kumi na miwili ya utumishi bila karipio. Alikuwa akingojea cheo mwezi uliofuata. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha piga chapa barua yake. Nilimwona akimtazama mtoto yule. Shati lake lilikuwa limekunjamana.

"Mheshimiwa," alisema. Akaanza upya. "Mheshimiwa, mimi niliingia naye humo garini. Sijaona akitoka."

"Utajutia, Ndimbo."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Mheshimiwa Kisogo aliketi mezani. Kufuta waraka kungehitaji fomu ya kueleza kwa nini uliandikwa, na fomu hiyo husainiwa na mwenye kosa. Akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya muda wa kutoka, aliandika *hajatoka*, akapiga mhuri kwa nguvu hata kikombe cha chai kikaruka.

Bi Sikujua hakungoja nakala. Alimshika Asumpta mkono, wakatoka. Alasiri hiyo Fundi Chande alilinyoosha bampa na kuweka taa, na kama alivyosema mwanzoni, hata nusu siku haikufika.

Ndimbo hakupata cheo. Alihamishiwa kituo cha mpakani, akadirie hasara za boti kwenye ziwa lililokauka. Kabla ya kuondoka alinipa mkono, akaniambia halali vizuri, lakini hajuti. Kila robo mwaka makao makuu hutuma barua kuuliza kama mtoto ametoka. Nami hujibu kwa herufi zilizonyooka kwamba bado, ingawa nimekwisha mwona akitambaa sokoni na kumwaga dagaa za watu.

Mke wangu naye kwao ni milimani, na mila yao ni mimba ya kwanza mtu akajifungulie kwa mama yake. Mwezi uliopita, ilipofika miezi saba, nilimfuata Bi Sikujua nyumbani kwake. Nilisimama mlangoni kama mwizi, kofia mkononi. Nilimwambia mimi ndiye niliyepiga chapa kile cheti, na kwamba nitaelewa akikataa.

Alikuwa anafua. Hakuacha kufua. Aliniuliza jambo moja tu:

"Unaweza kusukuma gari?"

Nikamwambia naweza.